Uzito wa Kifaru

Kipanga bado yuko hewani.

Najua mmenisema wiki nzima. Mmoja wenu alinishika mkono dukani, mbele ya watu, akaniuliza kama mimi sina dada. Ninaye. Lakini ningefanyaje? Nafasi gazetini ilikwisha pale pale pikipiki ya magurudumu manne ilipoacha kilele cha Nundu, ule mlima wa mchanga unaoogopwa na waendeshaji wote, na kitu kikalia "ka!" upande wa kushoto mbele.

Haya, tumteremshe.

Kilicholia ni bolti. Bolti inayoishika shokapu kwa juu ilikatika kama njiti ya kiberiti, na gurudumu la mbele kushoto likabaki linaning'inia. Kipanga aliliona likiyumba. Alipata muda wa kusema "Mama yangu!" na kabla hajalimaliza, mchanga ulishafika.

Gurudumu la kulia lilitua. La kushoto lilipanda juu likagonga bodi, usukani ukamponyoka, mashine ikalala ubavu. Yeye akarushwa mbele yake, akabiringika mteremko mzima mpaka chini na helmeti yake na matusi yake.

Akatulia. Akajipapasa. Mikono ipo, miguu ipo. Meno akayapitia kwa ulimi, nayo yapo, ila na mchanga wa kutosha kujengea.

"Usisogee! Nimesema usisogee!"

Kifaru, kaka yake, alikuwa anakuja akichechemea, fimbo yake inazama kila akiikita. Jitu la miraba minne. Msimu uliopita Nundu hiyo hiyo ilimvunja nyonga, na yeye ambaye alikuwa anazoa vikombe kama anaokota embe chini, tangu siku ile anakaa pembeni anashika saa za wenzake.

Kipanga aliinuka kabla hajafikiwa. Hakuuliza kama anatoka damu. Aliuliza hivi:

"Nani kaniona?"

"Mimi. Na Shangazi."

"Shangazi hasemi."

"Shangazi? Shangazi huyu huyu wetu?"

Wakatazamana. Hapo ndipo moyo wa Kipanga ulipoanza kwenda mbio, maana wakati wa kuanguka haukupata nafasi.

Wewe uliyeanza kusoma leo, nikupe mambo kwa pumzi moja. Baba yao ni fundi wa shokapu na springi, na hakuna anayemkosoa. Kifaru alipovunjika, Baba alishika msumeno wa umeme wa kukatia chuma akaapa mbele ya ukoo mzima: Kipanga akianguka mara moja tu, mashine inakatwa vipande. Na mashindano ya mchanga ni kesho asubuhi. Kipanga ameyangoja tangu alipokuwa mshika spana wa kaka yake, na mashine nyingine hana. Ndiyo hayo.

Pikapu ya Shangazi ilisimama kando yao kwa breki za ghafla. Shangazi, dada yake Baba, hushona viti vya magari, na mdomo wake una ncha kama sindano zake.

"Umekufa?" aliuliza dirishani.

"Sijafa, Shangazi."

"Basi pakieni chuma chenu twende. Na mtu asikalie kile kiti cha nyuma, nimekishona juzi."

Kuipakia mashine yenye gurudumu lililolegea si mchezo. Kifaru alitaka kusukuma, nyonga ikamkataa. Aliyetokea akawasaidia ni Miwani, mpinzani mkubwa wa Kipanga, anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alinyanyua, akafunga kamba, kisha akaigonga springi kwa kidole.

"Pole, dada. Lakini hizi ngumu mno. Jana nilipita gereji kwenu nikakaa juu ya hii mashine, nikadhani nimekaa juu ya jiwe."

Kipanga aligeuka polepole.

"Nani alikuruhusu kuikalia?"

"Aa, nilikuwa nangoja oili tu…"

"Nani alikuruhusu?"

Miwani aliinua mikono juu akarudi nyuma. Na pikapu ikaondoka.

Njiani Kipanga hakukaa mbele. Alipanda nyuma na mashine yake, akainama kwenye shokapu. Zilikuwa mpya. Wiki nzima Baba alikuwa anazifunga, ndefu, zenye kikopo cha gesi ubavuni. Akaweka na mikono mirefu zaidi ya kushikia magurudumu ya mbele, ili mashine ipanue miguu isizame mchangani. Kipanga alikuwa ameambiwa kwamba akishuka Nundu atahisi kama ametua juu ya godoro. Badala yake, tangu asubuhi kila kituta kilimpanda mpaka kwenye fizi.

Sasa aliona kwa nini. Pete ya kukazia springi ilikuwa imeteremshwa mpaka mwisho. Kile kifundo kidogo kinachopunguza mdundo kilikuwa kimefungwa kabisa. Akajaribu upande wa pili. Hivyo hivyo.

Akagonga kioo cha nyuma. Kifaru akakifungua.

"Kaka, mtu kakaza springi zangu."

Kifaru alitazama barabara.

"Umenisikia? Baba hawezi kukosea hivi. Mtu kaingia akazikaza baada yake. Ni Miwani! Mwenyewe kakiri alikuwepo!"

"Si Miwani."

"Umejuaje?"

"Miwani hajui hata pete inageukia wapi."

"Basi ni nani?" Kisha wazo baya likamwingia, na yeye hana breki ya mdomo. "Wewe jana ulikuwa gereji mchana kutwa."

Shangazi alikanyaga breki nusura wote wapasue kioo.

"Rudia," alisema Shangazi.

Kipanga hakurudia. Kifaru hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Kipanga wasiwasi zaidi. Alikuwa anachezea mpini wa fimbo yake, akiuzungusha na kuuzungusha.

"Muulize Baba," alisema.

"Nitamuulizaje bila kumwambia nimeanguka?"

"Sasa hapo mimi nitakusaidia nini?"

Gereji ilikuwa imefungwa. Baba alikuwa ametoka kwenda kwa mteja. Kipanga alishukuru, akaruka chini, akaanza kutoa amri kama mwenye nyumba. Shangazi akae mlangoni. Kaka ashike taa. Yeye atafute bolti, abadilishe, alegeze springi, mchezo uishe. Baba akirudi atakuta mashine imesimama imepanguswa, na yeye anapiga mluzi.

"Na hilo bodi lililopasuka?" aliuliza Shangazi.

"Tutasema paka."

"Paka!"

Gereji ya Baba ni chumba kirefu chenye harufu ya oili na mpira. Kila spana ina kivuli chake kilichochorwa ukutani kwa rangi nyeupe, na ukiirudisha kwenye kivuli kisicho chake utasikia maneno. Jiliwa la kubania vyuma liko mwisho wa benchi, karibu na dirisha. Ng'ambo ya jiliwa hilo kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna mahali ambapo watoto wa nyumba ile hawaingii bila kuitwa.

Bolti ngumu hukaa nyuma ya pazia.

"Usiende huko," alisema Kifaru.

"Nachukua bolti tu."

"Mdogo wangu, ngoja mimi niichukue."

Lini Kipanga alishangoja? Alilivuta pazia.

Nyuma ya pazia amekaa mtu.

Alikuwa na mabega mapana, jaketi la mashindano na viatu vya kuendeshea, na hakuwa na kichwa. Kipanga alipiga yowe lililomtoa Shangazi mlangoni na mkasi mkononi.

"Nani? Yuko wapi? Nimchome wapi?"

"Hapana, hapana, Shangazi, weka mkasi," Kifaru alisema. Alikuwa ameegemea benchi, hatazami nyuma ya pazia kabisa. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Yule ni mimi."

Kipanga alisogea. Akagusa kifua. Mchanga. Yalikuwa magunia ya mchanga yaliyofungwa pamoja kwa mikanda ya ngozi ya viti, moja juu ya jingine, yakavishwa jaketi la zamani la Kifaru na viatu vyake kuning'inizwa chini.

"Uzito wangu," alisema Kifaru. "Na jaketi na viatu, kwa sababu navyo ni uzito. Wakati ule nilikuwa sikai gereji, nikitoka mchangani nakwenda kulala. Baba akanitengeneza, ili akitaka kupima springi asiniamshe. Ananipandisha huyo juu ya mashine, anapima imezama kiasi gani, anakaza, anapima tena."

"Jana alimpandisha huyu?"

"Mbele ya macho yangu."

"Na wewe ukanyamaza?"

Kifaru alikohoa. "Nilifurahi," alisema. "Nikwambie ukweli wa Mungu, nilimwona Baba ananipandisha juu ya mashine, nikafurahi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nisamehe."

Kipanga alishapiga magoti. Alikuwa anapekua nyuma ya pazia, chini ya meza, nyuma ya matairi, anasukuma makopo. Oili ilimwagika, hakujali.

"Langu liko wapi?"

"Lako nini?"

"Gunia langu, Kaka! Mimi ndiye ninayeendesha! Gunia langu liko wapi?"

"Huna," alisema Kifaru kwa sauti ndogo.

"Ameanguka wapi?"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Wote watatu waligeuka. Baba alikuwa amesimama pale na mkoba wa vifaa begani. Shangazi, aliyetakiwa kulinda mlango, aliutazama mkasi wake kana kwamba ndio uliomponza.

"Miwani kanipigia simu," Baba alisema. "Kanipa pole. Nikamuuliza, pole ya nini?" Akaweka mkoba chini. "Pole ya nini, Kipanga?"

"Baba…"

"Umeumia?"

"Hapana."

"Sawa."

Akapita katikati yao. Akautoa msumeno kwenye kivuli chake ukutani, akachomeka waya. Chuma kikaanza kulia, chumba chote kikajaa kelele, na Shangazi akaziba masikio. Baba aliinama juu ya mashine.

Kipanga aliruka akaikalia. Hivyo hivyo, na mchanga mwili mzima, akaushika usukani.

"Kata!" alipiga kelele. "Kata, Baba! Uliapa! Lakini kwanza niambie uliitengeneza kwa ajili ya nani!"

"Shuka!"

"Kwa nani?"

"Nimeitengeneza kama ninavyoitengeneza siku zote!"

"Kwa Kifaru! Kifaru haendeshi, Baba! Mimi ndiye ninayekwenda Nundu kesho, na hujawahi kuniweka juu ya mashine hii hata siku moja ukanipima!"

Msumeno uliendelea kulia kidogo, kisha ukanyamaza. Baba alitazama pazia lililo wazi. Akamtazama mtu wa mchanga asiye na kichwa. Akamtazama Kifaru, aliye hai, na fimbo yake.

Akaketi juu ya kopo la oili. 

"Najua haendeshi," alisema. "Nani asiyejua? Lakini kila nikiinamia springi zile namwona yeye. Nashika spana, mkono unakwenda pale pale ulipozoea. Na nilipomaliza jana nilikuwa na furaha, mwanangu. Sijawahi kuwa na furaha hivyo tangu hospitali."

 Shangazi alipangusa macho kwa nyuma ya mkono, akasingizia vumbi.

"Nina hasira na wewe, Baba," Kipanga alisema. Alikuwa analia waziwazi.

"Kuwa nayo."

"Ningekufa."

"Ungekufa." Baba akanyanyuka. "Vaa. Helmeti, glavu, viatu, kila utakachovaa kesho. Halafu urudi hapo juu ulipo."

Alibadilisha bolti kwanza, kubwa kuliko ile iliyokatika. Kisha akachukua futi ya kupimia, akapima mashine ikiwa tupu. Kipanga akapanda na mavazi yote. Baba akapima tena. Akarudia, kwa sababu hakuamini.

"Haikushuka," alisema. "Haikushuka hata kidogo! Sikiliza, na usije ukasahau hata mimi nikifa. Mtu akikaa, mashine lazima ishuke kiasi. Hicho kiasi ndicho kinachopokea mchanga. Springi ikiwa ngumu kuliko mtu wake inamrusha, kama ilivyokurusha. Ikiwa laini kuliko mtu wake, ikitua inakwisha yote, chuma kinagonga chuma, na hapo inamrusha vibaya zaidi. Kila mtu na zake. Nimewaambia wateja hivyo miaka na miaka, halafu binti yangu namtuma Nundu juu ya jiwe."

Kazi ikaanza. Baba anapofanya kazi na Kipanga, msomaji wangu, ni raha kuwatazama hata kama huwezi kutofautisha springi na waya wa kuanikia nguo. Aliyaondoa yale madude mazito akaweka springi mbili kwa kila shokapu, laini juu ya kupokea vituta vidogo, ngumu kidogo chini ya kupokea Nundu yenyewe. Alibadilisha oili akaongeza gesi kwenye kile kikopo. Kile kifundo akakifungua taratibu, kinalia tik, tik, na kila kikilia Baba anakandamiza mashine kwa tumbo lake kuona inavyorudi.

"Panda."

Kipanga anapanda.

"Shuka."

Anashuka.

"Panda tena, acha kunyonga mabega, hujaja kupigwa picha!"

Na Kipanga anacheka. Kumbe ndicho alichokuwa anakitaka siku zote, kukaripiwa juu ya mashine kama alivyokuwa anakaripiwa kaka yake.

Mwishoni, mashine ilishuka kiasi kile kile ambacho Baba alitaka. Alikichapa kiti kofi la furaha.

"Sasa tukutengeneze na wewe," alisema. "Ili siku nyingine nisikuchoshe kupanda na kushuka."

Akaenda nyuma ya pazia. Akavua jaketi lile akaliweka kando, akafungua mikanda, akalipasua gunia la juu. Mchanga ukaanguka sakafuni, shaa! Kipanga ni mwepesi, gunia moja na nusu tu lilimtosha. Uliobaki ukaenea mpaka chini ya benchi. Baba alikuwa anaimba kwa pua.

Kifaru alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemkumbuka. Alitazama mchanga ule unavyotembea sakafuni mpaka ukagusa ncha ya fimbo yake.

"Kwa hiyo mimi nimemwagwa," alisema.

Baba aliacha kuimba. "Ni mchanga tu, mwanangu."

"Ndiyo. Mchanga tu."

"Kifaru, usiniletee maneno ya…"

"Sijasema kitu, Baba. Nimesema mchanga tu."

Aliliokota jaketi lake, akalikung'uta vizuri, akaondoka nalo begani. Shangazi alichukua ufagio, akautoa mchanga nje akautupa barabarani pamoja na misumari na vipande vya ngozi. Kipanga alitaka kumfuata kaka yake. Baba akamwita apande tena mara moja ya mwisho, naye akapanda.

Hilo litamsumbua maisha yake yote, ila yeye bado hajui. Mimi najua.

Asubuhi ya mashindano, mchangani pamejaa. Watu wamepanda hata juu ya mapaa ya magari. Kipaza sauti kinakwaruza majina, na Nundu imekaa mbele yao na kilele chake cheupe.

Kipanga aliijaribu mashine bondeni kwanza. Akaenda taratibu, akaongeza, akaviingia vituta vile vilivyomchapa jana. Akangoja kuchapwa. Hakuchapwa. Magurudumu yalikuwa yanapanda na kushuka chini yake yenyewe, na yeye juu ametulia, anaweza hata kupiga chafya. Akarudi kwa Baba anapiga kelele ndani ya helmeti.

"Inaelea! Baba, inaelea!"

"Nimeona! Usinivimbie kichwa, hujafika juu!"

Lakini alikuwa anatabasamu mpaka jino la nyuma. Hata Miwani alisogea, akainua miwani yake kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Leo nina kazi," alisema. "Na samahani kwa ile simu. Nilidhani Mzee anajua."

"Tutaonana juu," Kipanga alimjibu, na akampa mkono.

"Njoo hapa wewe!" Shangazi alikuwa anaita kutoka nyuma ya pikapu. "Namba ya mgongoni inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Vua helmeti, geuka nikushonee."

Kipanga akateremka, akaacha mashine ikinguruma taratibu, akakimbia. Shangazi akamgeuza, akaanza kushona huku anamsema. Kipanga alikuwa hatulii, mguu huu, mguu ule.

"Kaka yuko wapi? Sijamwona tangu jana."

"Tulia nisikuchome. Alitoka alfajiri, kavaa. Nikasema leo kapendeza."

"Kavaa nini?"

Sindano ilisimama.

"Lile jaketi," alisema Shangazi.

Wakasikia mngurumo ukipanda. Kipanga anaijua sauti ya mashine yake kama anavyoijua sauti ya mama yake. Aligeuka na uzi bado umemshika mgongoni.

Pale alipoiacha mashine palikuwa na fimbo, imekitwa mchangani, imesimama peke yake.

"Na sasa, ndugu watazamaji!" kipaza sauti kikapasuka. "Siamini macho yangu! Amerudi! Kifaru amerudi!"

Watu waliruka juu ya magari. Walipiga miluzi, wakapiga mabati. Kule mbele, mgongo mpana kuliko yote ulikuwa unakata bonde kuelekea Nundu, na kutoka pale Kipanga aliweza kuona jinsi mashine ilivyolala chini nyuma, tumbo karibu liguse mchanga.

"Baba!"

Baba alikuwa ameshaona. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Siyo zake," alikuwa anasema. "Springi zile siyo zake. Ni zako. Nimezipima kwako. Kipanga, akitua na zile zitakwisha zote, na nyonga ile, Mungu wangu, na nyonga ile…" Akaanza kupiga kelele. "Rudi! Kifaru! Rudi, mwanangu!"

Nani angemsikia? Umati wote ulikuwa unaliita jina hilo hilo.

Chini ya Nundu, Kifaru alisimama. Aligeuka akainua mkono wake mmoja juu, kama alivyokuwa anafanya zamani kabla ya kushinda. Watu wakapagawa. Baba naye akainua mikono yote miwili akiitikisa kumkataza, na kwa mbali kule, mwanawe akaona baba yake anamshangilia. Akaitikia kwa kichwa. Akavuta mafuta.

"Nipe!" Kipanga alikuwa ameshamrukia Miwani. "Nipe mashine yako!"

"Ina springi ngumu, itakutupa, wewe ni mwe…"

"Shuka, Miwani!"

Miwani alishuka. Kipanga hakuvaa helmeti. Aliondoka na namba inayopepea kwa uzi mmoja, na kila kituta kilimpanda mpaka kwenye fizi, na hakuacha mafuta hata kidogo. Nyuma yake Baba alikuwa anakimbia mchangani, mzee mzima, na futi ya kupimia bado iko mkononi.

"Kaka!" Kipanga aliita. "Kaka, punguza! Ni uzito wangu! Ni uzito wangu huo!"

Kifaru alikuwa amekaribia kilele. Hakupunguza. Alijiinua kwenye kiti kwa ule mguu mmoja mzima, akaegemea nyuma kama alivyofundishwa, na magurudumu ya mbele yakauacha mchanga.